Siri ya wawili mbele ya darasa la wadaku

Bandika karatasi ya manila ubaoni, kubwa, ya kuonekana hadi dawati la nyuma. Chagua wanafunzi wawili, tuwaite Asha na Baraka, uwakalishe pembe mbili tofauti za darasa. Waliobaki wote ni wadaku. Asha na Baraka hawajapanga lolote kabla ya kipindi, na kila watakachoambiana watakisema kwa sauti au watakiandika ubaoni mbele ya wenzao. Kengele ikilia, wawili hao wawe na neno moja la siri ambalo darasa zima, lililosikia na kuona kila kitu, halilijui.

Mtu akisikia masharti hayo kwa mara ya kwanza husema haiwezekani, na hana kosa. Hadi miaka ya 1970 hata mabingwa wa usimbaji fiche, waliokuwa wakilipwa na serikali kubwa kulinda siri za vita, walikuwa na imani hiyo hiyo. Ili watu wawili wasemezane kwa siri ilibidi kwanza wawe na ufunguo wa pamoja, na ufunguo huo haukuwa na njia ya kuwafikia ila kwa mkono wa mtu. Jeshi la majini la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili lilichapa vitabu vya siri kwa wino unaoyeyuka majini, ili mambo yakiharibika vitoswe na maandishi yapotee. Mei 1941 mabaharia wa Uingereza waliingia kwenye nyambizi U-110, iliyotelekezwa na watu wake wakidhani inazama, wakatoka na mashine ya kusimbia na vitabu vikavu.

Kwetu pwani kisa cha namna hiyo ni cha zamani zaidi. Fumo Liyongo alipokuwa kifungoni alipata tupa ya kukatia pingu ndani ya mkate wa wishwa uliookwa na mama yake, na aliyeuleta ni kijakazi wao Saada. Walinzi walikuwa na tabia ya kujilia vilivyo vitamu, wishwa wakamwachia mfungwa. Mpango wa kijanja, lakini ulimtegemea Saada kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto wa pwani wanaosema kinyume nao wana tatizo lao: ndugu anakuwa gundu, kitabu kinakuwa bukita, na mgeni anatoka kapa siku mbili tatu. Akishaijua kanuni, mchezo umekwisha. Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyefundisha Paris, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa kanuni yake. Chukulia kwamba adui anayo tayari. Kinachofichwa kiwe ufunguo peke yake.

Basi tuwape wadaku wetu kanuni yote, tuone watafika wapi.

Asha anaandaa mistari 40. Kila mstari una sehemu mbili, namba na kitu, kwa mfano SABA EMBE. Kisha anasogeza kila herufi mbele kwa hatua anazochagua mwenyewe, kila mstari na hatua zake. Tukitumia herufi 24 tu, Q na X tukiziacha zipumzike, SABA EMBE iliyosogezwa hatua 5 inasomeka YFGF JSGJ. Mistari yote 40 inaandikwa kwenye manila bila mpangilio. Daftarini kwake Asha anabaki na orodha: saba ni embe, kumi na tisa ni pasi, thelathini ni kamba, na kuendelea.

Baraka anachagua mstari mmoja kimoyomoyo. Haoneshi kwa kidole, wala haukazii macho. Anaunakili kwenye karatasi yake na kuanza kuurudisha nyuma hatua moja, mbili, tatu, mpaka itokee namba inayosomeka. Akiwa na bahati mbaya atajaribu mara 23. Tuseme ni dakika tatu za kazi. Akishapata SABA EMBE anapaza sauti: saba! Asha anatazama orodha, anaona embe, anafunga daftari. Wamemaliza.

Wadaku wana mistari yote 40, wana hiyo saba waliyoisikia, na kanuni wanaijua kuliko hata Baraka. Wasichojua ni mstari upi una saba ndani yake, kwa sababu namba imefichwa pamoja na embe. Mdaku hana jinsi ila kufungua mmoja baada ya mwingine, na kwa wastani atafungua kama 20 kabla ya kukutana nayo. Dakika tatu mara 20 ni saa nzima. Kipindi cha sekondari ni dakika 40.

Kuna mchezo mwingine unaopendwa sana kwa somo hilihili, wa rangi. Kila mmoja anachanganya rangi yake ya siri na rangi ya pamoja, wanabadilishana vikombe, kisha kila mmoja anaongeza tena ile ya kwake na wote wanaishia na rangi moja. Unapendeza kwa macho, na chupa za rangi ya chakula hazina gharama. Mimi siupendi. Rangi zikishachanganyika hazitenganishwi, basi, na mdaku anakaa mikono mitupu akiambiwa akubali. Kwenye manila mdaku ana kazi, na kazi yake ndiyo inayopimwa. Mwanafunzi aliyehangaika na mistari 11 mpaka kengele ikalia anaelewa usalama ni nini kwa namna ambayo Asha, aliyekaa na jibu lake daftarini, hawezi kuielewa.

Aliyebuni mchezo huu wa mafumbo alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1974 Ralph Merkle alikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akichukua somo la usalama wa kompyuta ambalo kila mmoja alitakiwa kupendekeza kazi ya mradi. Alipeleka mapendekezo mawili, na la kwanza lilikuwa hili: watu wawili wapatane ufunguo kupitia njia inayosikilizwa. Mwalimu aliona la pili ndilo lenye mashiko na la kwanza limeelezwa ovyo. Merkle akaliacha somo, wazo akabaki nalo. Agosti 1975 alituma makala yake kwenye jarida la Communications of the ACM, ikakataliwa kwa maelezo kwamba iko nje ya mkondo wa fikra za usimbaji za wakati ule. Maelezo hayo yalikuwa kweli kabisa. Ilitoka Aprili 1978, na kufikia hapo dunia ilikuwa imeshalipokea wazo hilo kutoka kwa watu wengine.

Kwa Merkle mafumbo hayakuwa 40, yangeweza kufika milioni. Kanuni ya hesabu ni moja: mafumbo yakiwa 1,000 na kila moja likihitaji majaribio 1,000, Asha anahangaika kama mara elfu kuyatunga na Baraka mara elfu kulifungua la kwake, ila mdaku anahitaji kwa wastani majaribio 500,000. Ukiongeza kazi ya wawili mara kumi, ya mdaku inaongezeka mara mia.

Mwalimu mwenye ukorofi kidogo hataishia hapo. Kipindi cha pili atawaambia wadaku waungane, wagawane mistari, kila mmoja wake. Darasa la wanafunzi 42 lina wadaku 40, na ndani ya dakika tatu mmoja wao anasimama na embe. Jambo hili limewahi kutokea nje ya darasa, tena kwa watu wazito. Agosti 1977 jarida la Scientific American liliwatangazia wasomaji fumbo la Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT, waliokuwa wamebuni mfumo unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Kulivunja kulihitaji kupata vigawo viwili vya namba yenye tarakimu 129, na zawadi ilikuwa dola 100. Kwa makadirio ya wakati ule kazi hiyo ingechukua miaka mingi kuliko umri wa dunia. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600 waligawana kazi kwa intaneti, wakaimaliza kwa takriban miezi minane. Ujumbe uliofichwa ulikuwa wa kipuuzi, unataja ndege fulani mla mizoga mwenye kinyaa.

Kuna udhaifu mwingine, na huu unatokana na Kiswahili chenyewe, na mdaku mwenye jicho kali atauona bila kuambiwa. Tazama tena YFGF JSGJ. Namba zetu zote huishia na irabu, na vitu vyetu karibu vyote pia. Kwa hiyo F ya mwisho na J ya mwisho zinaficha irabu. Katika herufi zile 24, kutoka F hadi J ni hatua nne, na jozi za irabu zilizoachana hatua nne mbele ni mbili tu: A kwenda E, na E kwenda I. Majaribio 23 yamegeuka 2. La kwanza linatoa SABA EMBE. La pili linatoa WEFE IRFI, na hakuna namba inayoitwa WEFE. Kazi ya dakika tatu imekuwa ya nusu dakika, na ile saa nzima ya mdaku ni dakika kumi. Mtoto akilipata hilo peke yake, amepita njia aliyoipita Al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9, alipoeleza jinsi ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi gani hurudi mara nyingi. Asha atalazimika kuja na mafumbo magumu zaidi, na hapo ndipo hesabu inapoingia.

Whitfield Diffie alikuwa na shahada ya kwanza ya hisabati na ukaidi mwingi. Mwaka 1973 alianza kuzunguka Marekani kwa gari, akimtafuta yeyote aliyejua chochote kuhusu usimbaji, wakati ambapo wengi waliojua walikuwa wamefungwa midomo na ajira za serikali. Mwaka 1974 alifika kwa Martin Hellman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Miadi ilikuwa ya nusu saa. Walizungumza hadi usiku. Novemba 1976 walichapisha makala iliyobadili fani nzima, na ndani yake mlikuwamo mbinu ya kupatana ufunguo hadharani ambayo hadi leo inabeba majina yao, ingawa Hellman mwenyewe aliandika mwaka 2002 kwamba ingestahili kubeba na la Merkle.

Ubaoni mbinu hiyo inahitaji namba mbili. Mwalimu anaandika 17 na 3, za wote. Kanuni: tunazidisha 3 kwa yenyewe, na kila tukivuka 17 tunagawanya na kubaki na baki tu. Asha anachagua namba yake ya siri, 6. Tatu kwa kipeo cha 6 ni 729. Gawanya kwa 17, linabaki 15. Anapaza sauti: 15. Baraka amechagua 7. Tatu kwa kipeo cha 7 ni 2,187. Baki lake ni 11. Naye anatangaza: 11.

Sasa Asha anachukua 11 ya Baraka na kuipandisha kwa kipeo chake cha siri, 6. Haina haja ya kikokotoo: 11 mara 11 ni 121, baki 2. Kipeo cha 6 ni hiyo 2 mara tatu, yaani 2 mara 2 mara 2. Anapata 8. Baraka anachukua 15 ya Asha kwa kipeo cha 7: 15 mara 15 ni 225, baki 4, 4 mara 4 ni 16, 16 mara 4 ni 64, baki 13, 13 mara 15 ni 195, baki 8. Wote wana 8, na hakuna aliyeitamka.

Mdaku amesikia 17, 3, 15 na 11. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kuzidisha 15 kwa 11. Ni 165, baki 12. Si yenyewe. Ili aipate 8 anatakiwa ajue 3 ilipandishwa kipeo gani ikatoa 15, na vipeo hivi havina adabu: ukiviandika kwa mfululizo mabaki yake ni 3, 9, 10, 13, 5, 15, 11, 16, 14, 8, 7, 4, 12, 2, 6, 1. Kila namba kuanzia 1 hadi 16 imo mara moja, ila imekaa ovyo, huwezi kukisia inayofuata wala kusema umekaribia. Kwa 17, mdaku mvumilivu ataiandika orodha yote na atashinda kabla ya kengele. Mwalimu asimzuie. Amwambie tu kwamba mitandaoni namba ya kugawanyia, pale mbinu hii inapotumika kwa sura yake ya asili, kwa kawaida ina tarakimu 617. Kupandisha kipeo kwenye namba ya namna hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa simu ya mkononi. Njia ya kurudi nyuma kwa muda wa maana hakuna aliyeionesha kwa kompyuta zilizopo.

Hiyo 17 ni namba tasa, na si kwa bahati. Sisi tuliosoma namba tasa darasa la tano tulizikariri hadi 100, tukajibu mtihani, tukazisahau. Hakuna aliyetuambia zina kazi. Kama ningekuwa na sauti kwa watunga mitaala ningeomba huu ubao wa 17 na 3 uwekwe hapo hapo. Hauhitaji maabara ya kompyuta, na umeme ukikatika somo linaendelea.

Wanafunzi waliokuwa karibu na mbinu hii mwanzoni walikutana na mambo mazito kuliko alama za mtihani. Mwaka 1977 mfanyakazi wa shirika la usalama la Marekani, NSA, aliiandikia taasisi ya wahandisi IEEE akionya kwamba kuzungumzia usimbaji mbele ya wageni kunaweza kuvunja sheria za kusafirisha silaha nje ya nchi. Oktoba mwaka huo ulikuwapo mkutano Chuo Kikuu cha Cornell, na wanafunzi wawili wa Hellman, mmoja wao Merkle aliyekuwa amehamia Stanford, walitakiwa kuwasilisha kazi zao. Mwanasheria wa Stanford alishauri Hellman azungumze mwenyewe, kwa kuwa mwanafunzi akishitakiwa chuo kingepata shida kumtetea. Hellman alisoma makala zote mbili. Wanafunzi walisimama kando yake jukwaani, kimya, ili kila mtu ajue kazi ni ya nani. Hakuna aliyeshitakiwa.

Na kumbe wakati huo wote ugunduzi ulikuwa umeshafanyika kwingine na kufungiwa kabatini. Katika shirika la ujasusi la mawasiliano la Uingereza, GCHQ, James Ellis alikuwa ameandika mwaka 1970 kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1973 Clifford Cocks, kijana mgeni kazini, alipata mfumo unaofanana na RSA. Aliufikiria nyumbani, na kwa kuwa kanuni za kazi hazikumruhusu kuandika chochote huko, aliubeba kichwani hadi asubuhi. Malcolm Williamson akaipata ile ya Diffie na Hellman mwaka 1974. Yote haya yalitangazwa Desemba 1997. Ellis alikuwa amefariki mwezi mmoja tu nyuma. Diffie na Hellman walipewa Tuzo ya Turing ya 2015, dola milioni moja.

Kuwapelekea watoto mambo haya bila kompyuta kulianza mapema. Mwaka 1992 Michael Fellows na Neal Koblitz, wanahisabati wawili wenye majina, walipeleka kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, CRYPTO, kazi waliyoiita Kid Krypto. Fellows pia ni mmoja wa waanzilishi wa michezo ya CS Unplugged, pamoja na Tim Bell na Ian Witten wa New Zealand, ambayo walimu wa nchi nyingi huitumia. Katika mchezo mmoja ufunguo ni ramani ya mji: anayejua njia panda chache maalumu anajumlisha namba za hapo peke yake na kupata ujumbe, asiyezijua anabaki na rundo la namba. Kinachonifurahisha ni kwamba mchezo huo una tundu ambalo watungaji wenyewe wanalijua. Mwanafunzi wa sekondari aliyeelewa milinganyo sambamba anaweza kuivunja ramani bila kuijua siri yake. Wadogo zake wa shule ya msingi hawawezi. Siri iko salama hadi mada ya milinganyo ifundishwe.

Turudi kwenye 17 na 3, maana kuna raundi ya mwisho ambayo walimu wengi huiacha kwa kukosa muda, na ndiyo yenye uzito kwetu wenye simu mkononi. Safari hii Asha na Baraka hawasikiani. Wanatumiana vikaratasi kupitia mjumbe, na mwalimu amemnong'oneza mjumbe awe mlaghai. Mjumbe anachagua siri yake, 2. Tatu kwa kipeo cha 2 ni 9. Asha anatuma 15, Baraka anatuma 11, lakini mjumbe anavitia mfukoni vyote viwili na kumpelekea kila mmoja kikaratasi cha 9. Asha anapandisha 9 kwa kipeo cha 6, anapata 4. Baraka anapandisha 9 kwa kipeo cha 7, anapata 2. Mjumbe anapandisha 15 kwa kipeo chake cha 2, anapata 4. Anapandisha 11, anapata 2. Ana funguo zote mbili. Kila ujumbe wa Asha ataufungua kwa 4, atausoma, ataubadili akitaka, ataufunga kwa 2 na kuupeleka kwa Baraka. Hesabu zote ni sahihi. Asha amepatana siri na mtu, ila mtu huyo si Baraka.

Duniani tatizo hili limetafutiwa dawa kwa vyeti. Kampuni fulani zinaaminiwa na simu na kompyuta zetu kuthibitisha kwamba tovuti ya benki kweli ni ya benki, na ukiona alama ya kufuli kwenye kivinjari ujue kuna cheti nyuma yake. Mwaka 2011 moja ya kampuni hizo, DigiNotar ya Uholanzi, ilivamiwa, na vyeti bandia vya Google vikatumika kuwasikiliza watu wapatao 300,000, wengi wao Iran. DigiNotar ilifilisika mwezi Septemba mwaka huohuo.

WhatsApp, iliyokamilisha kusimba mazungumzo ya watumiaji wake wote Aprili 2016, hupatana funguo kwa mbinu ileile ya Diffie na Hellman, ila badala ya vipeo vya namba tasa inatumia hesabu ya mikunjo ya eliptiki. Na dhidi ya mjumbe mlaghai imeweka dawa ya zamani kuliko vyeti. Fungua taarifa za mtu unayewasiliana naye, gusa sehemu ya usimbaji, utakuta tarakimu 60. Zikilingana na zilizo kwenye simu ya mwenzako, hapo katikati hakuna mtu. Kuzilinganisha ni sawa na Asha na Baraka kukutana mlangoni wakati wa mapumziko na kugundua mmoja ana 4 na mwingine ana 2. Sijaona watu wengi wakizilinganisha.

Tarakimu hizo hata hivyo zinathibitisha simu, hazithibitishi nia. Wale wanaotuma "ile hela tuma kwenye namba hii" hawavunji fumbo la mtu yeyote, wala hawajui namba tasa ni nini. Wanategemea kwamba kati ya watu mia wanaopokea, yupo mmoja aliyekuwa kweli anasubiri namba ya kutumia hela, na hataipigia simu kuuliza. Ujumbe wao ukija kwa WhatsApp unakuwa umesimbwa vizuri kabisa, hakuna mdaku aliyeusoma njiani kati ya tapeli na wewe.